Daktari Ipyana na Wiki Tano Bila Kibano

Watu wa chini wanasema Daktari Ipyana ana macho matatu: mawili ya kuzaliwa nayo na moja la umeme kwenye paji la uso. Mimi nimemwona akilivua hilo la tatu na kulibadilisha betri, kwa hiyo sibishani na mtu.

Si daktari mkubwa, na atakwambia hivyo kabla hujamuuliza. Yeye ni wa macho tu, na kazi hiyo huku kwetu anaifanya peke yake. Ni mwana wa Kayange, mzaliwa wa mlima unaotazamana na wetu, Mndali kama sisi, mrefu, shingo kama ya korongo. Mama yake namkumbuka. Alikuwa anajua maharage yameiva kwa kusikiliza sufuria, maana macho yalikwisha zimika yote mawili. Ipyana aliwahi kuniambia kwamba alipokuwa mtoto alidhani akina mama wote ndivyo walivyo, wakifika umri fulani wanazimika, kama vile nywele zinavyoota mvi. Alipokwenda shule huko Mbozi akaona mama wa mwenzake, mzee kabisa, anatunga uzi kwenye sindano. Akalia pale pale mbele ya wageni. Kumbe haikuwa lazima.

Mlima wetu wa Ileje ni mrefu. Kuku akitaga huku juu, yai likibingirika, linafika chini likiwa kifaranga. Upepo nao usiseme: mwaka mmoja uling'oa mabati ya kanisa yakatua Malawi, na Wamalawi wakasali chini yake Jumapili mbili kabla ya kuturudishia. Pikipiki ya daktari inafika nusu ya njia. Nusu iliyobaki anapanda kwa miguu, sanduku la bati begani, viatu vimefungwa shingoni, kwa sababu kwenye utelezi huo viatu ni mzigo tu.

Ugonjwa wenyewe ni vikope. Unaanza na watoto, macho mekundu, matongo, nzi wanakula karamu. Maji yako bondeni, saa nzima kushuka na mbili kupanda, nani atanawisha watoto saba kila asubuhi? Mtoto anapona, anaugua, anapona, anaugua. Akishakuwa mama mtu mzima, ngozi ya ndani ya jicho inajikunja kama jani lililochomwa, na kope zinageuka zinatazama ndani. Kila ukipepesa, zinakwaruza kioo cha jicho. Hebu jaribu kuweka mchanga kwenye jicho, kisha upepese mpaka uzeeke. Ndiyo hiyo.

Dawa yetu ilikuwa kibano. Kipande cha bati la kopo, unakikunja, unakinoa kwenye jiwe, basi. Kila mwanamke wa huku alikuwa nacho kimefungwa kwenye pindo la kanga. Lakini kujing'oa mwenyewe ni shida, kwa hiyo walikuwa wanakuja barazani kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa na mkono usiotetemeka. Mtu analaza kichwa mapajani, namng'oa kope moja moja, tunasengenya waume, anaondoka anaona. Baada ya wiki chache zimeota tena, ngumu kuliko za kwanza, anarudi. Miaka mingapi? Sijui. Ningezikusanya zile kope ningejaza godoro.

Mdogo wangu, Tupokigwe, alikuwa mteja wangu wa kwanza na wa kila mara. Jicho lake la kushoto lilikwisha kuwa jeupe kama yai lililomenywa. Lilibaki la kulia. Kwa hilo moja alilima, alichuma kahawa, alimtambua mtu kwa mwendo toka mlima wa pili. Alikuwa mjane, na kicheko chake kiliweza kukimbiza ndege shambani.

Daktari Ipyana alimwona mara ya kwanza kanisani kwetu, akageuza ngozi ya jicho lile la kulia, akatazama muda mrefu.

"Mama, hili linahitaji kushonwa. Mapema."

"Shona basi, baba. Uzi ninao nyumbani."

Hakucheka. Alisema kushona anajua, lakini vifaa na dawa ya ganzi vinakuja na gari la upasuaji, na gari linapanda mahali palipohesabiwa tu. Watakuja watu wa kuhesabu kwanza. Wakiona kope ziko ndani, wataandika, na gari litapanda. Akamwambia mwenyekiti wetu wa kitongoji, Yesaya, awatangazie watu waje kama walivyo. Siku ya kuhesabu yeye hangekuwepo. Alikuwa ameitwa Momba kwa mtu aliyechomwa na mwiba jichoni.

Yesaya ni mtu mzuri, lakini anapenda mlima wetu usifiwe. Alisimama kanisani Jumapili akasema, "Wageni wanakuja kutazama macho yetu. Jamani, tusiuaibishe mlima."

Basi! Wewe ukiambiwa mgeni anakuja kutazama nyumba yako, unafanya nini? Si unafagia? Jumatatu na Jumanne baraza langu lilijaa kama kwenye msiba. Niling'oa mpaka vidole vikafa ganzi. Sikumwachia mtu hata kope moja iliyopinda. Jumatano wanawake wakajipanga mbele ya shule na vitenge vya Krismasi, nyuso zimepakwa mafuta, macho safi kama ya bibi harusi. Kijana wa kuhesabu akapita na tochi yake, ana haraka, mawingu yanakuja. Kila mmoja anamuuliza, "Mama, jicho linauma?"

Nani atamlalamikia mgeni aliyepanda mlima wote ule?

"Hatujambo, baba. Karibu viazi."

Akala viazi, akashuka.

Wiki mbili baadaye Daktari Ipyana alitokea na karatasi imelowa jasho. Nilikuwa naanika maharage. Hakunisalimia.

"Bibi Gwantwa, hapa pameandikwa mlima huu hauna mgonjwa."

"Sifa kwa Mungu."

"Bibi!" Akakaa juu ya jiwe la kunolea, lile lile la vibano vyangu, akaona vipande vya bati vimezagaa. Akaokota kimoja, akakigeuza, akanitazama. "Mliwang'oa."

"Tuliwapamba. Wageni walikuwa wanakuja."

"Waligharimika kuja kuona ugonjwa, nyinyi mkauficha kama pombe mbele ya mchungaji! Na mlipoulizwa mnaumwa?"

"Tulisema hatujambo. Ungetaka tuseme nini kwa mtu hata hajakaa?"

Aliweka kichwa kati ya magoti. Mabega yake yalitikisika. Nilidhani anacheka, nikaanza kucheka naye, halafu nikasikia. Hakuwa anacheka. Alisema gari limekwenda kwingine, na kwa karatasi ile halitarudi mlimani kwetu, pengine kwa miaka. Tupokigwe hana miaka. Hana hata mwaka.

Alishuka siku ile ile kwenda kubembeleza wakubwa wake. Alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza alikalishwa kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa. Mara ya pili aliambiwa hawezi kubishana na karatasi. Mara ya tatu, sijui alisema nini, labda aliwavulia shati awaonyeshe mbavu, wakamwambia hivi: tutamtuma mtu mwingine baada ya wiki tano. Ukituonyesha watu thelathini, kope ziko ndani, tunaziona kwa macho yetu, gari litapanda. Wakipungua thelathini, usirudi tena na habari za mlima huo.

Wiki tano ndio muda wa kope kuota zikakomaa.

Akatukusanya. Safari hii hakumtuma Yesaya, alisema mwenyewe, kwa Kindali, ili asipotee mtu.

"Mama zangu, naomba kitu kibaya. Msing'oe mpaka mtu wa kuhesabu apite. Najua zinauma. Nitakuja kila Alhamisi na dawa ya mafuta ya kupaka, itasaidia kidogo. Kidogo tu, siwadanganyi."

Akafungua sanduku lake la bati. Wanawake wakapita mmoja mmoja wakafungua pindo, wakatupa vibano ndani. Vililia kama sadaka ya sarafu. Mimi nilitupa changu kwa mbwembwe. Cha pili nilikuwa nacho kwenye soksi.

Maana ipo siri moja hapa, na sasa nitaisema. Kope zangu mimi pia zilikuwa zimegeuka. Zamani. Nilikuwa najing'oa mwenyewe kwa kupapasa, bila kioo, hakuna aliyejua. Mng'oaji ataonekanaje naye anang'olewa? Daktari alikuwa ameniuliza, "Na wewe bibi, macho yako?" Nikamwambia, "Yangu yanaona mpaka Malawi. Sasa hivi namwona mama mmoja kule anachambua dagaa, na anatupa vichwa, mpumbavu." Akataka kugeuza ngozi atazame, nikamwambia ataniharibia urembo. Watu wakacheka, akaniacha.

Kisha akamgeukia Tupokigwe. "Wewe hapana. Wewe jicho ni moja, utang'olewa kila wiki kama kawaida. Hesabu hii si yako. Bibi Gwantwa, wewe ndiye utakayemng'oa, na hicho kimoja nakuachia kwa kazi hiyo tu." Akanirudishia kibano changu mbele ya watu wote. Kwa hiyo nikawa na viwili.

Wanawake waliobaki kwenye hesabu walikuwa thelathini na wawili.

Wiki ya kwanza tulitaniana. Ya pili, taya zilikaza. Ya tatu mlima ulinyamaza. Wanawake walikaa ndani milango imefungwa, vitambaa vyeusi usoni, kwa sababu mwanga wenyewe ulikuwa unachoma. Maharage yalizidiwa na magugu. Waume walijipikia ugali, na nimeuona ugali huo, ungeweza kujengea ukuta. Mama mmoja alikuwa anajifunga mikono kwa kamba asijikune. Daktari alipanda kila Alhamisi, mvua au jua, akapita nyumba kwa nyumba, akapaka mafuta, akapokea matusi. Ndiyo, walimtukana. Mama wa Ipyana alitajwa kaburini mwake. Yeye anajibu "ndiyo, mama," "pole, mama," anapaka, anaenda nyumba inayofuata. Nilimkuta siku moja nyuma ya shule, amejipaka mchanga kwenye jicho lake mwenyewe, anapepesa.

"Unafanya nini, mjukuu wangu, umerogwa?"

"Nataka kujua nimewaomba nini."

Kila Jumapili Yesaya alisimamisha wanawake wa hesabu kanisani baada ya sala, akawahesabu kwa sauti. Jumapili ya tatu walikuwa thelathini na wawili. Jumapili ya nne, Erica hakuwepo, amekimbilia Tunduma kwa binti yake anayeuza vitenge vya Zambia, na huko ameng'olewa. Wengine wawili walikutwa kwenye mahindi wanang'oana kwa kucha, kama nyani. Yesaya akahesabu: ishirini na tisa. Akahesabu tena, taratibu, kama vile wangeongezeka.

Jioni ile Tupokigwe alikuja kwangu. Ilikuwa zamu yake ya kung'olewa. Alikaa, hakulaza kichwa.

"Dada, usining'oe. Mimi ndiye wa thelathini."

"Daktari amekukataza."

"Daktari haishi huku. Zile ulizong'oa wiki iliyopita zitakuwa zimeota kidogo, na nyingine zilibaki bila kung'olewa, nimezihisi. Siku zinatosha."

"Tupokigwe, jicho ni moja."

"Na gari ni moja. Lisipopanda, hili moja litakwenda tu, na yao yote yatakwenda. Unajua."

Nilijua. Nilijua na kingine. Kope zangu mimi nilizing'oa jana yake, zote, safi, kwa kile kibano cha soksi. Kama ningeziacha tangu mwanzo, wa thelathini ningekuwa mimi, mwenye macho mawili. Sasa zilibaki siku tisa, na kope zangu zingekuwa bado ziko chini ya ngozi. Mdomo huu unaojua kusema mabati yameruka mpaka Malawi ulishindwa kusema maneno manne. Nikamwambia tu, "Haya."

Akaniapisha nisimwambie daktari.

Alhamisi ikafika. Tupokigwe alikuwa amejificha mgombani. Daktari akauliza, "Mdogo wako yuko wapi?"

"Shambani."

"Unamng'oa?"

"Kila wiki. Hajambo."

Uongo mkubwa nimesema maishani, mrefu kama mto Songwe. Huu ulikuwa mfupi kuliko yote. Akaniamini, akaniachia chupa ya dawa nimpe, akasema ndaga, bibi, asante sana kwa kunisaidia.

Mtu wa kuhesabu alikuwa aje Jumanne. Jumatatu mvua ikanyesha, barabara ikakatika. Jumanne hakuja mtu. Jumatano hakuja mtu. Tupokigwe alikuwa amelala uso ukutani, kanga ameiuma kwa meno. Nikamwambia, niruhusu sasa. Akasema, kesho watafika. Nikamshika kwa nguvu, akanisukuma, nikaangukia chungu. Ana nguvu kuliko mimi, hata hivyo.

Alhamisi asubuhi daktari akafika kabla ya mhesabuji, tope mpaka kiunoni. Hakuniuliza safari hii. Alisikia mguno, akaingia ndani, akavuta ile kanga, akawasha taa yake ya kichwani. Kwenye kioo cha jicho la kulia kulikuwa na doa, jeupe, kubwa kama punje ya ulezi, na usaha.

"Tangu lini?"

Tupokigwe akasema, "Usimgombeze dada."

Daktari akanitazama. Hakunigombeza. Afadhali angenipiga.

"Daktari, mtu wa kuhesabu yuko njiani," akasema Yesaya pale mlangoni. "Ukiondoka nani atawaonyesha? Tutaandikwa safi tena!"

Akasimama katikati ya chumba. Nilimwona anageuka huku, anageuka kule, kama mtu ambaye nyumba zake mbili zinaungua. Halafu akainama, akambeba Tupokigwe mgongoni, akamfunga kwa kanga kama mtoto mchanga, mwanamke mzima mwenye wajukuu, akaanza kushuka naye kwenye ule utelezi mpaka ilipo pikipiki. Alisema neno moja tu, na alilisema kwangu.

"Waambie ukweli."

Mhesabuji alifika saa nane mchana, msichana anaitwa Violet, kimya, macho makali. Alipouliza "Mama, jicho linauma?" mama wa kwanza kwenye mstari akafungua mdomo kusema hatujambo. Niliona. Nikapiga kelele: "Tunaumwa! Tunakufa! Geuza, tazama!" Basi na wengine wakaanza, miaka yote ya maumivu ikamwagika pale shuleni, wengine wanalia, wengine wanatukana serikali na nzi. Violet akatazama kila jicho polepole. Akaandika. Akamaliza.

"Ishirini na tisa."

"Wa thelathini amepelekwa hospitali," nikasema. "Asubuhi hii. Jicho limepasuka kwa kukusubiri."

"Pole, bibi. Naandika ninachokiona."

"Basi tazama na yangu."

Nikalaza kichwa. Akageuza ngozi, akaelekeza taa.

"Bibi, vishina hivi. Uling'oa lini?"

"Jumapili."

"Na kabla ya hapo?"

"Kila wiki."

Wanawake wote ishirini na tisa walisikia. Walisimama tu, macho yanachuruzika, wananitazama, na wengi wao hawakuwa wananiona vizuri, nikashukuru.

Violet aliandika ishirini na tisa, na chini yake mstari mwingine kuhusu yule aliyepelekwa hospitali. Akasema wakubwa ndio wataamua.

Daktari alirudi Jumanne, peke yake. Nikamwambia yote, kibano cha soksi, mgomba, kila kitu, hakuna hata bati moja nililolirusha mpaka Malawi. Alisikiliza amesimama.

"Anatofautisha mchana na usiku tu," akasema mwisho. "Mlango ukifunguliwa, anajua. Basi."

Alichukua cheti cha Tupokigwe cha hospitali, chenye jina lake na picha ya jicho lake, akashuka nacho kwa wakubwa. Akakiweka juu ya ile karatasi ya Violet. Sijui alibembeleza kwa siku ngapi. Cheti kile ndicho kilichohesabiwa kuwa mtu wa thelathini, na gari likapanda mpaka inapoishia njia ya pikipiki, vifaa vikamaliziwa kichwani.

Walishonea shuleni, siku mbili, madawati mawili yamesogezwa pamoja. Daktari Ipyana hakula. Alikunywa chai amesimama, mikono juu asiguse kitu. Tupokigwe aliletwa akakalishwa mlangoni. Kila aliyetoka na bandeji, Tupokigwe alimshika mkono, akamuuliza, "Wewe nani?" na wao wakataja majina yao wakilia.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Sikutaka kwenda, Yesaya alinisukuma. Nikafunikwa kitambaa chenye tundu. Sindano ya ganzi ikaingia, kisha nikahisi kuvutwa tu, kama mtu anayeshona gunia mbali.

"Daktari," nikasema chini ya kitambaa, "nisamehe."

"Usinisemeshe, bibi. Nimeshika kisu."

Nje nilimsikia Tupokigwe anauliza nani bado yuko ndani, na mtu akamwambia ni dada yako.

"Lake litapona?" nikauliza. "La mdogo wangu. Niambie ukweli."

Mkono wake ulisimama.

"Hapana," akasema, akaendelea kushona.